Kifaranga wa ngege avuke mpaka na cheti chake

Gunia la mahindi linaweza kulala Malaba siku mbili na siku ya tatu likaendelea kuwa mahindi. Katoni ya sabuni inaweza kukaa juu ya lori pale Busia wiki nzima, ikamtia mwenyewe hasara ya muda, lakini sabuni ikabaki sabuni. Mfuko wa plastiki wenye vifaranga 500 wa ngege hauna subira hiyo. Ndani yake kuna theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa ya oksijeni, na kila saa inayopita vifaranga huimaliza hewa ile na kuyachafua maji yale. Jua likiupiga mfuko huo kuanzia saa nne asubuhi, ikifika alasiri mfanyabiashara hana mzigo tena. Ana samaki waliolala ubavu.

Kwa hiyo haishangazi kwamba anayebeba vifaranga kutoka Kisoko kwenda kwa wafugaji wa Nambale au Bumala hushawishika kupita njia ya panya kabla ya mapambazuko. Anajua kwamba dirishani ataulizwa maswali ambayo hana majibu yake, na kwamba kila swali lina gharama ya uhai ndani ya mfuko.

Lakini kuna hasara nyingine kubwa zaidi, na hiyo haitokei mpakani. Mfugaji wa Busia hununua vifaranga aliouziwa kama chotara, au kama madume watupu, akawaweka bwawani, akawalisha miezi sita, kisha siku ya kuvua akakuta bwawa limejaa vidagaa wa ngege, wazazi na watoto na wajukuu, wote saizi ya kiganja cha mtoto. Chakula kimeliwa na samaki wa kuuza hakuna. Mfugaji huyo hatanunua tena vifaranga vya kutoka Uganda, na hatamlaumu muuzaji mmoja. Atailaumu Uganda nzima.

Hasara hizi mbili, ile ya dirishani na ile ya bwawani, zina dawa moja. Kifaranga anahitaji karatasi inayomfuata kutoka tangi la nyumbani hadi bwawani, ikisema ni nani, ametoka wapi na amelelewa vipi. Wafanyabiashara wakiikataa karatasi hiyo, maofisa hawana sababu ya kuwafungulia njia ya haraka. Serikali zikiifanya iwe ghali na ya mbali, wafanyabiashara hawana sababu ya kuacha njia za panya. Kila upande una sehemu yake ya kutimiza, na sehemu ya mfanyabiashara inaanzia nyumbani.

Kazi ya wiki sita za kwanza

Tuchukue nyumba ya mfano huko Kisoko, magharibi mwa mji wa Tororo. Familia ina tangi la kioo la lita 100 chumba cha nyuma, pampu ndogo ya hewa, na nje, chini ya paa la mabati, matangi mawili ya turubai. Hununua vifaranga wachanga wa siku kumi kutoka kituo cha kutotolesha, huwalea wiki tano au sita mpaka wafike gramu mbili au tatu, kisha huwauza kwa mchuuzi anayevuka mpaka. Faida ya biashara hii inatokana na ukweli mmoja: wiki hizo ndizo ambazo vifaranga wengi hufa, na anayeweza kuwavusha salama amefanya kazi inayostahili malipo.

Ngege mama hubeba mayai yake mdomoni. Yakianguliwa, watoto hukaa humo humo wakiishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwao. Kiini hicho kikiisha, kifaranga ana urefu wa sentimita moja tu, na kuanzia hapo asipopata chakula kinachoingia mdomoni mwake atakufa njaa katikati ya chakula. Chembe za chakula cha samaki wakubwa hazimfai. Anahitaji unga mwembamba kama poda, wenye protini ya asilimia 40 au zaidi.

Unga huo si lazima utoke Ulaya. Samaki mdogo anayeitwa mukene Uganda, omena Kenya na dagaa Tanzania, akikaushwa na kusagwa, ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Sehemu mbili za unga wa mukene kwa sehemu moja ya pumba laini za mchele, zinazopatikana kwenye mashine za kukoboa mpunga kuanzia Tororo hadi Butaleja, pamoja na mchanganyiko kidogo wa vitamini na madini unaouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku, hutoa chakula kinachotosha kuanzia. Mchanganyiko huo upitishwe kwenye kitambaa chepesi. La muhimu ni mukene wenyewe. Ukikaushwa chini, nusu ya unachonunua ni mchanga, na mchanga haumnenepeshi mtu wala samaki. Mukene uliokaushwa juu ya wavu au chanja una bei zaidi, lakini huo ndio wa bei nafuu ukihesabu vizuri.

Kiasi cha kulisha ndicho kinachowashinda wengi. Vifaranga 500 wenye uzito wa moja ya tano ya gramu kila mmoja, kwa jumla wana uzito wa gramu 100. Wakipewa asilimia 10 ya uzito wao kwa siku, ni gramu 10 tu, zikigawanywa mara tano kutoka asubuhi hadi jioni. Kila mlo ni kama kijiko cha chai kisichojaa. Anayemimina kiganja kizima asubuhi kisha akaenda sokoni hajawalisha, amewatilia sumu. Chakula kisicholiwa huoza, huzalisha amonia, na amonia huunguza mashavu ya vifaranga kabla jicho halijaona kasoro yoyote.

Hapa ndipo kioo kinapomsaidia mlezi kuliko turubai. Kwenye kioo anaona kama chakula kimeisha ndani ya dakika kumi. Anaona tumbo lililojaa na tumbo lililobonyea. Anaona vifaranga wakipanda juu kuhema, dalili kwamba hewa imepungua au maji yamechafuka. Robo au theluthi ya maji ibadilishwe kila siku, na maji ya bomba yalazwe usiku mzima kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke kabla ya kumiminwa. Umeme ukikatika, pampu husimama, kwa hiyo betri ndogo ya sola si anasa. Joto la maji likiwa kati ya nyuzi 26 na 30, vifaranga hula na kukua. Likishuka chini ya 20, hula kidogo sana, na chakula wasichokila ni uchafu mtupu.

Katika wiki mbili za kwanza tangi la lita 100 linaweza kubeba vifaranga 500. Wakikaribia nusu gramu lazima wagawanywe na kuhamishiwa kwenye turubai. Kila wiki wachujwe kwa saizi, kwa sababu ngege mkubwa akiona mdogo anayeenea mdomoni mwake, atamla. Mlezi asiyechuja huanza na 500 na kumaliza na 200, kisha akadai kituo kilimpunja hesabu.

Yote haya ni kazi ya mikono na macho, na familia nyingi za mpakani zinaiweza. Tatizo ni kwamba kazi hii nzuri haionekani kwa mnunuzi. Anayelisha mara tano na kuchuja kila wiki huuza vifaranga kwa bei ile ile ya yule aliyevizoa kwenye bwawa lake la zamani kwa chandarua. Kwa macho, kifaranga wa gramu mbili aliyelelewa vyema na ndugu yake wa bwawani wanafanana. Soko lisiloweza kutofautisha kazi nzuri na kazi mbaya humfukuza anayefanya kazi nzuri.

Chotara ni nani

Neno chotara limekuwa tangazo. Mchuuzi huita chotara kifaranga yeyote mwenye rangi isiyo ya kawaida au anayetaka kumpandishia bei. Ni vizuri mfanyabiashara ajue anachokiuza, kwa kuwa nyuma ya neno hilo kuna historia inayoanzia Afrika Mashariki yenyewe.

Mwaka 1960 mtaalamu wa ufugaji wa samaki, C. F. Hickling, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti huko Malacca, Malaya, alichapisha matokeo yaliyobadilisha biashara hii duniani. Alikuwa amechukua majike ya perege wa Msumbiji akawapandisha na madume wa perege wenye asili ya Zanzibar, jamii inayopatikana pia mto Wami, Tanzania bara. Watoto wote walikuwa madume. Wazazi walipobadilishana nafasi, matokeo hayakuwa yale yale. Siri ilikuwa ni nani baba na nani mama.

Kwa nini madume? Kwa sababu ngege jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu au minne, na akibeba mayai mdomoni hali. Nguvu zake huenda kwenye uzazi na si kwenye nyama. Bwawa la madume watupu halizalishi vidagaa vya kugombania chakula, na dume hukua haraka kuliko jike. Baada ya Malacca, wafugaji wa nchi nyingine, hasa Israeli, waliwapandisha majike wa ngege wa Mto Nile na madume wa perege wa bluu, wakapata uzao wenye madume wengi sana. Lakini walijifunza pia kwamba uzao huo hutegemea usafi wa wazazi. Kizazi cha wazazi kikichanganyika kidogo tu, majike hurudi. Na chotara wakizaana wenyewe kwa wenyewe, wajukuu hawafanani na babu.

Hilo lina maana ya moja kwa moja kwa Kisoko na Busia. Perege wa bluu si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Anayedai kuuza chotara wa aina hiyo aulizwe bila aibu baba alitoka wapi na kwa kibali gani. Na anayehifadhi chotara wachache tangini ili azalishe mwenyewe msimu ujao hauzi chotara tena. Anauza kitu ambacho hata yeye hakijui.

Njia ya pili ya kupata madume, ambayo ndiyo inayotumika sana vituoni, ni kuwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa siku 21 hadi 28, kabla jinsia yao haijajitokeza. Samaki hao si chotara. Kazi hiyo ni ya kituo chenye utaalamu, si ya chumba cha nyuma, kwa sababu homoni hupimwa kwa miligramu, na anayeichanganya kwa mikono mitupu anajidhuru kwanza yeye. Mlezi wa nyumbani anayenunua vifaranga kabla ya siku hizo kutimia amenunua mchanganyiko wa madume na majike, hata kama aliambiwa vingine.

Kwa hiyo sokoni kuna bidhaa tatu tofauti: chotara, madume wa homoni, na vifaranga wa kawaida. Zote zinaweza kuwa bidhaa halali. Mfugaji mwenye bwawa dogo la kula nyumbani anaweza kuridhika na vifaranga wa kawaida kwa bei ya kawaida. Udanganyifu ni kuziuza zote kwa jina moja, maana mnunuzi hataweza kutambua jinsia kwa macho mpaka samaki wafike gramu 20 au 30, na wakati huo mchuuzi ameshasahau sura yake.

Ziwa limeshatoa somo

Wapo wanaosema kwamba karatasi ni urasimu tu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja likafuata mwaka 2010, na samaki wa Uganda akiwa bidhaa ya Jumuiya basi avuke kama ndizi. Hoja hiyo ina mvuto, hasa kwa anayeamini katika Jumuiya. Lakini ndizi ikivuka haizai njiani wala haiambukizi mto.

Historia ya Ziwa Victoria inatosha kuwa ushahidi. Ngege anayeuzwa leo Busia, Kisumu na Jinja si ngege ambaye babu za wavuvi walimpa jina hilo. Ngege wa asili ni jamii nyingine. Kuanzia miaka ya 1950 ngege wa Mto Nile aliingizwa ziwani pamoja na perege wengine wa kigeni, na sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta na Uganda mputa, akaingizwa pia. Mgeni alimshinda mwenyeji kwa chakula na mazalia, akapandana naye, na mwishowe akachukua hata jina lake. Ngege wa asili alibaki kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, kaunti ya Siaya, na hata huko watafiti wamekuta damu ya mgeni.

Maji ya mpaka huu hayajui pasipoti. Mto Sio unaingia Ziwa Victoria. Mto Malaba unateremka kutoka Mlima Elgon, unapita Tororo, unaingia Mpologoma na kufika Kyoga. Bwawa la mfugaji likifurika wakati wa masika, samaki aliyenunuliwa bila kujulikana huwa samaki wa nchi mbili na maziwa mawili.

Ugonjwa nao upo. Virusi vya perege, vilivyoelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 2014 nchini Israeli, huua zaidi samaki wachanga, na mara nyingi ndani ya mwezi mmoja baada ya kuhamishiwa bwawa jipya. Havimdhuru mla samaki, lakini havina tiba. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya maabara yaliyoonyesha virusi hivyo kwa ngege wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania. Mfuko mmoja unaopita kwenye nyasi usiku unaweza kubeba hasara ya kijiji kizima.

Wengine, kwa kuogopa hayo, wangependa mpaka ufungwe kabisa kwa samaki hai. Nao wanakosea. Mahitaji ya vifaranga Kenya hayakuanza jana. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kufufua uchumi uliolenga kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo bunge 140. Hayo ni mabwawa 28,000, na kila bwawa la mita za mraba 300 lilihitaji vifaranga 1,000. Ni vifaranga milioni 28 kwa mkupuo mmoja. Vituo vya nyumbani visingeweza kuziba pengo hilo peke yake, na pengo kubwa huvutia kila aina ya muuzaji. Marufuku haitaondoa pengo. Itaondoa wauzaji waaminifu tu, na kuwaachia usiku wale wasiojali.

Dirisha moja, karatasi moja

Vyombo vya kufanya kazi hii vipo tayari. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Jumuiya ina utaratibu wa biashara uliorahisishwa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, wenye cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Mifuko michache ya vifaranga haifiki hata karibu na kiwango hicho. Uganda ina Sheria ya Uvuvi na Ufugaji wa Samaki ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Mwaka 2013 nchi za Jumuiya zilitia saini itifaki ya hatua za kulinda afya ya binadamu, wanyama na mimea katika biashara. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, lina makao yake Jinja, mwendo wa saa chache kutoka Tororo.

Kinachokosekana ni kiungo kati ya vyombo hivyo na tangi la Kisoko. Samaki hai huhitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi, na mamlaka hizo zina makao Entebbe na Nairobi. Mwenye kampuni ana karani wa kufuata kibali. Mwenye matangi matatu akifunga safari ya zaidi ya kilomita 200 hadi Entebbe kwa ajili ya vifaranga 2,000, faida yake imebaki kwenye nauli, na vifaranga hawajalishwa siku mbili.

Kwa hiyo serikali hizi mbili zifanye mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, ziruhusu nyumba ya kulelea vifaranga isajiliwe wilayani Tororo na kaunti ya Busia, ikiwa chini ya kituo cha kutotolesha kinachotambulika. Ofisa wa uvuvi wa wilaya aitembelee, aone matangi, aone daftari, atie saini. Pili, saini hiyo itambuliwe upande wa pili wa mpaka bila kurudiwa upya, na orodha ya nyumba na vituo hivyo itunzwe na shirika la Jinja ili ofisa wa dirishani aweze kuithibitisha kwa simu. Tatu, pale Busia na Malaba mzigo wa samaki hai uhudumiwe kwanza, mbele ya mahindi na sabuni, na atakayeukawiza aandike sababu.

Kwa upande wao wafanyabiashara wasisubiri serikali ndipo waanze. Daftari halihitaji kibali. Kila kundi la vifaranga liwe na ukurasa wake: limenunuliwa kituo gani, liliangulliwa siku gani, ni chotara, madume wa homoni au wa kawaida, limelishwa nini, wangapi wamekufa na siku gani. Siku ya kuuza, nakala ya ukurasa huo ifuatane na mfuko. Vifaranga wasilishwe siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji njiani, wafungwe alfajiri au jioni, na mnunuzi aelekezwe auache mfuko uelee bwawani robo saa kabla ya kuufungua, ili maji yalingane joto. Mchuuzi anayemwambia mnunuzi hayo tayari ametofautiana na mwenzake wa njia ya panya.

Na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, ambavyo havikosi sauti kodi inapopanda, vitumie sauti hiyo pia dhidi ya mwanachama anayeuza vifaranga wa kuzoa kwa jina la chotara. Pande zote mbili za mpaka huu wanaishi Wasamia, Wateso na ndugu wa lugha za Kijaluo na Kijapadhola. Mnunuzi aliyedanganywa Bumala huwa ni shemeji au binamu wa mtu wa Kisoko, na habari za hasara yake hufika nyumbani kabla ya mchuuzi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Biashara hii bado mbichi. Bado inaendeshwa kwa mifuko na pikipiki, na wanaoifanya wanafahamiana kwa majina. Ikiachwa mpaka ikomae katika udanganyifu na giza, itakuja kunyooshwa na ugonjwa au na marufuku, na vyote viwili humpiga kwanza yule mwenye tangi moja. Ikiwekewa karatasi leo, mama wa Kisoko anayeamka kulisha vijiko vitano kwa siku atalipwa kwa vijiko vyake, na mfugaji wa Busia akitia wavu bwawani baada ya miezi sita atatoa samaki wa kuuza.